Mgando, Mashapo na Mgeuko: Asili ya Miamba na Majina Yake katika Kiswahili

Kiswahili kina maneno matatu, jiwe, mwamba na jabali, ambayo wazungumzaji wengi huyatumia kana kwamba ni visawe, ilhali kila moja lina historia yake. Jiwe ni neno la Kibantu, na wingi wake, mawe, una ndugu wa karibu katika lugha nyingine za ukoo huo. Kinyarwanda na Kirundi, kwa mfano, husema ibuye na amabuye. Jabali limetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ni mlima. Lilipoingia Kiswahili likapungua ukubwa, likawa jiwe kubwa, kisha likapanda tena kwa njia ya sitiari hadi likamfikia mtu shujaa. Mwamba nalo lina sura mbili. Kwa mjenzi wa nyumba ya udongo, mwamba ni mti unaolazwa juu kushikilia paa. Kwa nahodha, ni hatari iliyojificha chini ya maji.

Wataalamu wa jiolojia wanaoandika kwa Kiswahili wamegawana maneno haya kwa namna inayofaa kuheshimiwa. Mwamba umekuwa jina la tungamo lenyewe, yaani mkusanyiko wa madini ulioshikamana kiasili na kuunda sehemu ya ganda la dunia. Jiwe limebaki kuwa kipande kilichomeguka. Anayeokota jiwe mtoni huwa ameokota kipande cha mwamba ambao huenda uko umbali wa kilomita nyingi. Jabali halikupewa kazi ya kitaalamu, na pengine ni heri, kwa kuwa limeshikwa sana na washairi na wanasiasa.

Baada ya hapo huja suala la aina. Miamba ingeweza kupangwa kwa rangi, kwa ugumu au kwa matumizi, kama wafanyavyo mafundi. Sayansi imeipanga kwa namna ilivyozaliwa, na kwa kigezo hicho hupatikana makundi matatu tu. Katika maandishi ya Kiswahili kila kundi limepewa zaidi ya jina moja. Kundi la kwanza huitwa miamba moto au miamba ya mgando. La pili, miamba tabaka au miamba ya mashapo. La tatu, miamba geu, miamba geuzi au miamba ya metamofia. Tofauti hizi zimekuwa zikichukuliwa kuwa usumbufu mdogo wa usanifishaji ambao kikao kimoja cha istilahi kingeumaliza. Ukweli ni kwamba kila jina linatoa madai kuhusu asili ya mwamba, na baadhi ya madai hayo si sahihi.

Jambo hili si geni katika historia ya sayansi. Mwishoni mwa karne ya 18, Abraham Gottlob Werner, mwalimu wa chuo cha madini cha Freiberg huko Ujerumani, alifundisha kwamba karibu miamba yote, pamoja na itale na basalti, ilitokana na bahari ya kale iliyofunika dunia na kuacha mabaki yake yatuame. Kwa istilahi za Kiswahili, Werner angesema kwamba hata itale ni mashapo. James Hutton wa Edinburgh alipinga. Mwaka 1785, katika bonde la Glen Tilt huko Uskoti, aliona mishipa ya itale nyekundu imepenya ndani ya miamba mingine iliyokuwapo kabla yake na kuikata vipande vipande. Kitu kilichotuama polepole chini ya maji hakiwezi kupenya ndani ya kilichokitangulia. Itale hiyo lazima ilifika pale ikiwa kimiminika. Mabishano hayo yaliendelea kwa miongo kadhaa, na kiini chake kilikuwa mwamba upi uingie chini ya jina lipi.

Moto uliokwisha kupoa

Jina miamba moto ni tafsiri ya neno la Kilatini ignis, yaani moto, ambalo ndilo shina la istilahi inayotumika katika lugha za Ulaya. Tafsiri yenyewe ni aminifu. Tatizo liko katika muundo wake wa Kiswahili. Nomino mbili zikifuatana bila kiunganishi, ile ya pili yaweza kueleza hali ya sasa ya ile ya kwanza, kama katika maji moto: maji hayo ni ya moto wakati yanapotajwa, na yakipoa hupoteza jina. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba majabali ya Mwanza ni miamba moto ana haki ya kuyagusa na kushangaa.

Mgando halina kasoro hiyo. Limetokana na kitenzi ganda kwa kiambishi tamati -o, kama mchezo na cheza, na kila nyumba inayokunywa maziwa mgando inalijua. Maziwa hayo hayagandi tena wakati yanaponywewa; yalikwisha kuganda, na jina linahifadhi tukio lililopita. Hiyo ndiyo kazi inayotakiwa hapa. Ndani ya dunia kuna sehemu ambazo miamba huyeyuka ikawa magma. Magma ikipanda na kupoa huganda, na madini yaliyomo hujipanga kuwa fuwele. (Mwandishi wa vitabu vya shule hana budi kuwa mwangalifu hapa, kwa sababu ganda la dunia, lenye maana ya gome, halihusiani na kitenzi kuganda ingawa herufi ni zilezile.)

Mwendo wa kupoa ndio unaoamua sura ya mwamba. Magma iliyonaswa kilomita kadhaa chini ya ardhi hupoa kwa maelfu na hata mamilioni ya miaka, na fuwele hupata muda wa kukua hadi zikaonekana kwa macho. Ndiyo itale, yenye chembe za kwatzi zing'aazo kama kioo, feldspa nyeupe au ya waridi, na ulanga unaometameta. Magma ikitoka nje huitwa zaha, nayo hupoa kwa siku au miezi. Fuwele hubaki ndogo mno, na matokeo yake ni mwamba mweusi, mzito, wenye chembe zisizoonekana, yaani basalti. Zaha nyingine hupoa haraka kiasi kwamba fuwele hazipati nafasi kabisa, ikawa kioo cheusi cha obsidiani ambacho watu wa kale wa Bonde la Ufa walikichonga wembe na ncha za mishale.

Majabali ya Mwanza yaliyopandana kando ya Ziwa Viktoria ni itale yenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Hayakurushwa na volkeno yoyote wala hayakubebwa na maji. Yaliganda chini sana, na yanaonekana leo kwa sababu kila kilichokuwa juu yake kimemomonyoka. Umbo lake la mviringo lilitokana na maji yaliyopita katika nyufa na kula pembe kwanza. Kuyaona majabali hayo juu ya ardhi, basi, ni kuona kina cha dunia ya zamani.

Mfano wa pili uko kusini mwa Ziwa Natron. Ol Doinyo Lengai, ambao kwa lugha ya Kimaasai maana yake ni Mlima wa Mungu, ndio volkeno pekee duniani inayojulikana kutoa zaha ya kabonatiti yenye sodiamu nyingi katika zama hizi. Basalti hutoka ikiwa na joto la nyuzi 1,100 hadi 1,200 za sentigredi, lakini zaha ya Lengai huwa kati ya nyuzi 500 na 600 tu. Mchana huonekana nyeusi kama mafuta machafu ya injini na hutiririka kwa wepesi wa maji. Baada ya kuganda, unyevu wa hewa huibadilisha kwa muda mfupi ikawa nyeupe, na watu wa mbali wakadhani kilele kina theluji. Mwamba huo ni wa mgando bila shaka yoyote, ingawa kwa kemia yake unakaribiana na magadi kuliko na itale.

Kinachobaki chini

Kundi la pili limeleta mvutano mkubwa zaidi wa majina. Istilahi miamba tabaka imependwa kwa sababu inaeleza kinachoonekana: miamba hii mara nyingi hulala juu ya mingine kama kurasa za kitabu. Lakini kuonekana si kuzaliwa. Zaha iliyotoka mara nyingi katika mlima mmoja hujipanga kwa matabaka pia, na yeyote aliyetazama magenge ya Kilimanjaro ameyaona. Naisi, ambayo ni ya kundi la tatu, ina mistari myeupe na myeusi inayoweza kumdanganya hata mwanafunzi wa mwaka wa pili. Neno tabaka linaalika kosa ambalo mwalimu atalazimika kulifuta baadaye.

Mashapo ni vitu vinavyobaki chini baada ya kimiminika kuchujwa au kutuama. Jina hili ni la jikoni na la kilingeni kwa mganga wa mitishamba; halikubuniwa na kamati. Lakini linataja hatua zote kwa mkato. Jua, mvua na mizizi huvunja mwamba wa zamani ukawa kokoto, changarawe, mchanga na tope. Mto hubeba. Maji yanapopunguza mwendo, kizito hutangulia kuzama na chepesi hufuata, na ndiyo maana mto Rufiji huacha mchanga njiani na kulipeleka tope jororo kwenye mikoko ya delta. Tabaka jipya hulemea la zamani, maji hukamuliwa, na madini yaliyoyeyuka humo huwa gundi kati ya chembe. Mchanga unakuwa mwamba wa mchanga, na tope linakuwa mwamba wa tope.

Si mashapo yote yaliyoletwa na mto. Ziwa Magadi la Kenya lina jina la kitu chenyewe: maji yake hupotea kwa jua na chumvi za sodiamu hubaki zikijenga ukoko mweupe, ambao umechimbwa kibiashara tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Mashapo mengine yametokana na viumbe, na hapa Waswahili wana ujuzi ambao vitabu vya jiografia haviutaji vya kutosha. Sehemu kubwa ya ardhi ya kisiwa cha Mombasa, na ya Unguja kwa upande wa mashariki, ni matumbawe yaliyokufa. Katika kipindi kimoja cha joto, takriban miaka 125,000 iliyopita, bahari ilisimama mita kadhaa juu ya kina cha leo, na matumbawe yakajenga miamba yake hadi karibu na uso wa maji. Bahari iliposhuka, miamba hiyo ikabaki nchi kavu. Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, imesimama juu ya mwamba wa namna hiyo, na kuta zake zimejengwa kwa mawe yake. Bahati mbaya, au bahati njema, neno mwamba la nahodha na mwamba wa mwanajiolojia hapa ni kitu kimoja: kilichowahi kutoboa vyombo kimekuwa kiwanja cha ngome.

Wajenzi wa pwani walitofautisha jiwe lililochimbwa nchi kavu, gumu na lenye matundu, na tumbawe lililokatwa baharini likiwa bichi. La pili lilikuwa laini kiasi cha kuchongwa kwa patasi, na lilipokauka likawa gumu. Ndilo lililotumika kwa mihrabu, fremu za milango na nakshi za Kilwa Kisiwani. Kikemia mawe haya mawili ni kitu kilekile, kalisi kaboneti. Tofauti yake ni hatua waliyokutwa nayo katika safari ya kuwa mwamba.

Mpaka kati ya kundi la kwanza na la pili si ukuta. Katika eneo la Laetoli, kusini mwa Oldupai, volkeno ilirusha majivu takriban miaka milioni 3.6 iliyopita, mvua ikayalowesha, viumbe wakapita juu yake kwa miguu miwili, na majivu yakakauka yakawa magumu kama saruji. Timu ya Mary Leakey ilizifukua nyayo hizo kuanzia mwaka 1978. Majivu yalizaliwa kwa moto yakalala kwa desturi ya mashapo. Waandishi huuita mwamba huo tufu na kuuweka katika kundi la kwanza au la pili kulingana na wanachotaka kusisitiza. Hiyo si dosari ya elimu.

Kugeuka bila kuyeyuka

Kundi la tatu ndilo lililowashinda waunda istilahi. Mwamba wowote, uwe wa mgando au wa mashapo, ukizikwa chini sana au ukibanwa kati ya mabara yanayogongana, hukuta joto na shinikizo. Joto la ganda la dunia huongezeka kwa nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita moja ya kina. Madini yaliyotulia juu ya ardhi hayatulii tena huko. Atomi zake hujipanga upya na kuwa madini mengine, huku mwamba ukibaki mgumu. Sharti hili la mwisho ndilo muhimu, kwani mwamba ukiyeyuka umerudi kundi la kwanza. Kazi ya mfinyanzi inafanana na jambo hili kuliko kazi ya mpishi: chungu kikichomwa hakiyeyuki, lakini hakiwezi tena kuwa udongo.

Kwa njia hiyo mwamba wa tope hupata kuwa sleti, ambayo vibao vya wanafunzi wa zamani vilitengenezwa kwayo. Mwamba wa mchanga huwa kwatzaiti. Mwamba wa chokaa huwa marumaru, ingawa katika maduka ya vifaa vya ujenzi neno hilo limeteleza hadi kwenye vigae vya sakafu ambavyo havikuwahi kuwa mwamba wa chokaa. Milima ya Uluguru, Usambara na Upare ni sehemu ya ukanda mrefu wa miamba ya aina hii, unaoitwa Ukanda wa Msumbiji, uliofinyangwa takriban miaka milioni 600 iliyopita mabara ya kale yalipogongana. Ndani ya ukanda huo, huko Mererani, ndimo ilimopatikana tanzanaiti mwaka 1967. Nyingi ya mawe hayo hutoka mgodini yakiwa na rangi ya kahawia, na sonara huyapasha moto hadi rangi ya buluu ijitokeze.

Je, miamba hii iitweje? Metamofia ni neno la mkopo lisilo na kosa wala msaada; mwanafunzi hulikariri. Geuzi lina kosa la sarufi ya maana. Mzizi -geu- hupata vitenzi viwili, geuka na geuza, na z ni ya usababishi: mgeuzi ni mtu anayebadili wengine. Mwamba geuzi, basi, ungekuwa mwamba unaogeuza, ilhali huu umegeuzwa. Geu limeepuka mtego huo kwa kuacha viambishi vyote, likaangukia mwingine, maana wasikilizaji wengi hulisikia kupitia kigeugeu, mtu asiyesimama na neno lake. Mwamba uliotulia kwa miaka milioni 600 haustahili sifa hiyo.

Kuna umbo ambalo halijapewa nafasi ya kutosha, nalo ni mgeuko. Limeundwa kwa kanuni ileile iliyozaa mgando, linatoka katika kitenzi cha kutendeka badala ya kutendesha, nalo hutaja tukio lililopita. Pingamizi lake ni kwamba kugeuka katika mazungumzo ya kawaida hudokeza wepesi, kama mtu anayegeuka nyuma, na watoto wamekuzwa kwa hadithi za watu waliogeuka mawe mara moja. Pingamizi hilo lina uzito, lakini huondolewa kwa sentensi moja ya mwalimu. Kosa la geuzi haliondolewi kwa sentensi, kwa sababu liko ndani ya neno. Hata hivyo, geu limekwisha kuzoeleka madarasani, na istilahi iliyozoeleka haing'olewi kwa hoja peke yake.

Gharama ya suala hili huonekana mwanafunzi wa Tanzania anapotoka shule ya msingi kuingia sekondari. Aliyefundishwa miamba moto, miamba tabaka na miamba geu hukutana huko na majina ya Kiingereza yaliyojengwa kwa Kilatini na Kigiriki. Kama majina ya awali yalimweleza mwamba ulivyozaliwa, mapya ni lebo za kubandika juu ya maarifa aliyonayo. Kama yalimweleza kwamba wa kwanza una moto na wa pili una matabaka, anaanza upya akiwa na makosa mawili mkononi.

Chokaa ya fundi

Istilahi hizi tatu zaweza kupimwa kwa kitu ambacho pwani imekitengeneza kwa karne nyingi. Vipande vya matumbawe hupangwa juu ya rundo la kuni na kuchomwa hadi joto likaribie nyuzi 900. Hewa ya ukaa hutoka, na jiwe linabaki jepesi na lenye kiu. Likimwagiwa maji hufoka, huchemka na kuwa unga. Fundi huuchanganya na mchanga akapaka ukutani, na kwa miezi na miaka chokaa hiyo huvuta tena hewa ya ukaa angani hadi iwe kalisi kaboneti, yaani kilekile kilichoingia tanurini. Ukuta wa namna hii hupitisha unyevu na kukauka. Kuta nyingi za kale zilizokarabatiwa kwa saruji katika karne ya 20 zilinasa maji na chumvi ndani, na matumbawe yakawa yanamomonyoka nyuma ya plasta iliyoonekana nzima.

Malighafi ya chokaa ni mashapo ya viumbe, moto umeigeuza bila kuiyeyusha, na hatimaye imekuwa ngumu ukutani bila kupoa kutoka kwenye magma. Mwanajiolojia hataiingiza katika kundi lolote, kwa kuwa mkono wa mtu umo ndani yake. Fundi naye hana haja na makundi hayo. Hugusa plasta kwa kucha na kusema kama imeshika au bado.